Alhamisi za Nyimbo za Kuagana

Alhamisi tulikuwa tukifunga ofisi saa saba mchana, na mtu mwenye akili alikwenda kulala. Mtaa mzima wa Deira, pale Dubai, uliofunga saa saba ulikwenda kulala, au kufua, au kusimama kwenye kibanda cha simu na kadi yake. Sisi tulivuka barabara, tukapanda ngazi za hoteli moja iliyonuka zulia bichi, tukaingia katika chumba kisicho na dirisha, tukaimba Kijapani.

Sitanii. Ilikuwa sehemu ya kazi. Hakuna aliyeiandika mahali wala kuniambia, lakini Alhamisi ya kwanza nilipochukua mkoba wangu niondoke, bosi alisimama mlangoni, akanitazama, akasema, "Karaoke." Nikaurudisha mkoba.

Kampuni ilikuwa ndogo, ya Kijapani, ikiuza injini na vipuri vilivyotumika kwa wafanyabiashara wa Dar es Salaam, Mombasa na Kampala. Ofisini tulikuwa wanne. Bosi alikuwa Mjapani wa makamo aliyeelekea uzeeni, shingo nene, maneno haba. Mhasibu alikuwa dada wa Kijapani aliyevaa sweta mwaka mzima kwa sababu ya ubaridi wa AC. Karatasi za forodha zilikuwa mikononi mwa Bi Mkubwa, mwanamke wa Kizanzibari aliyefika Dubai zamani, wakati hoteli ile bado ni uwanja mtupu. Wa nne ni mimi, nimetoka chuo juzi na digrii ya biashara, mtoto wa Njombe, niliyeletwa kwa sababu wateja waliopiga simu walitaka mtu wa kugombana naye kwa Kiswahili.

Nilikuja kwa viza ya matembezi. Makubaliano yalikuwa kwamba kampuni itanijaribu, kisha bosi ataamua. Akinikubali, ningeruka hadi kisiwa cha Kish, ng'ambo ya maji upande wa Iran, ningoje huko viza ya kazi, nirudi. Akinikataa, ningerudi Njombe, ambako mama alikwisha kusimama kanisani na kutoa shukrani kwamba mwanawe anafanya kazi na Wajapani. Viza ilikuwa inakaribia kwisha, na bosi hakuwa amesema lolote.

Tatizo ni kwamba bosi hakuwahi kusema lolote kuhusu chochote. Alisema "okay". Alikuwa na okay ya kontena limefika salama na okay ya kontena limezama, na zote mbili zilifanana. Nilizisikiliza okay zile kutwa nzima kama daktari anavyosikiliza kifua. Jioni nilizirudia kitandani moja moja: ile ya asubuhi ilikuwa fupi kuliko ya jana? Na kama ilikuwa fupi, je, kwa sababu yangu?

Mahali pekee alipofungua kinywa ni kwenye chumba kile cha hoteli. Alianza yeye, kila Alhamisi, na wimbo uleule. Alisimama wima na koti lake la suti, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili, akaimba wimbo wa zamani, wa siku za ujana wake, wenye saksafoni inayolia na sauti inayotetemeka mwisho wa kila mstari kama mtu anayejizuia kupiga chafya. Kwenye televisheni mwanamke mwenye mwavuli alitembea kando ya maji, hafiki anakokwenda. Maneno yalipita chini yake yakibadilika rangi. Baada ya bosi aliimba mhasibu, vizuri mno, kisha akarudi kukaa kama mtu aliyetoka kuzima jiko. Bi Mkubwa aliimba wimbo wa Kiingereza alioupata nyuma ya kitabu, bila kuusubiri muziki. Mimi, kwa kuwa mgeni, nilipewa tari nipige, na nikawekwa kwenye kochi la ukutani, mkabala na mwimbaji.

Ndipo Bi Mkubwa akaniharibia maisha. Tulikuwa tunateremka ngazi, Wajapani wawili wametangulia.

"Umeona?"

"Nimeona nini, Bi Mkubwa?"

"Anavyokutazama."

"Nani?"

"Nani! Mzee yule. Toka anaanza mpaka anamaliza kakukazia macho wewe. Mie nimeketi pale, hanitazami. Dada kaketi huku, hamtazami. Wewe tu."

"Labda anatazama tari."

"Ana lipi na tari?" Alisimama kwenye ngazi na kunishika mkono. "Mwanangu, kwenu huko bara nyimbo mnaimba za nini?"

"Za kanisani. Na za harusi."

"Basi ndiyo maana. Kwetu wimbo hauimbwi bure. Mtu anakaa na neno lake rohoni mwezi mzima, halisemi. Siku ya shughuli, wimbo wake ukipigwa, ananyanyuka na noti yake kwenda kumtunza mwimbaji, na njiani anamtazama yule aliyemkusudia. Khalas. Kesho yake mtaa mzima wanajua. Sasa mtu asiyesema kama huyu, yake ataisemea wapi? Si mle ndani?"

Nilitaka kucheka. Lakini hoja ile niliikosea jibu, na hoja nikiikosea jibu silali. Kama kweli kila mtu ana mahali anaposemea, bosi alikuwa nacho chumba kile tu.

Jumamosi asubuhi nilimfuata mhasibu, nikamuuliza ule wimbo wa bosi unasema nini. Aliweka kalamu chini, akafikiri. Kiingereza chake kilikuwa kizuri na cha polepole.

"Watu wawili wako bandarini," alisema. "Mvua inanyesha. Mmoja anaondoka na meli. Mwingine hamzuii. Anamwambia, nenda, usigeuke nyuma. Koti lako ulilolisahau nitalituma."

"Halafu?"

"Halafu saksafoni."

Nilirudi kwenye meza yangu nikaliangalia koti langu. Lilikuwa koti la mtumba, la kahawia, mama alilinunua Njombe mjini ili nifanane na mtu wa ofisi, na nililiacha kwenye mgongo wa kiti kwa sababu mhasibu hakukosea kuhusu ile AC. Na Jumatatu iliyopita, bosi akipita, alikuwa amelionyesha kwa kidole na kusema, "Koti. Hapa, hapana." Wakati ule nilidhani anataka nilitundike msumarini. Sasa nilijiuliza mtu mzima, mwenye kontena tatu baharini, anashughulika na koti langu kwa nini.

Siku hiyo nilikwenda nalo nyumbani na sikulirudisha. Nilikaa chini ya AC nikitetemeka, meno yanagongana nikiongea na wateja wa Mombasa, ili mradi asiwe na kitu cha kunitumia.

Nilikuwa nikikaa Deira hiyohiyo, kitanda cha juu katika chumba cha wengi. Kitanda cha chini kilikuwa cha Mkenya mmoja, mlinzi wa jengo la maduka, mtu wa Nakuru, aliyeweza kulala kwenye kelele yoyote isipokuwa ya mawazo yangu.

"Msomi," aliniambia kutoka chini, "umegeuka mara ngapi hapo? Kitanda kinalia kama mbuzi."

Nikamweleza. Wimbo, bandari, koti, yote.

"Si umuulize tu?"

"Nimuulize nini?"

"Boss, nabaki ama naenda? Maneno manne."

"Huwezi kumuuliza mtu hivyo."

"Mimi nilimuuliza supervisor wangu."

"Akasema?"

"Akasema inshallah."

"Hiyo ni ndiyo au hapana?"

"Ni inshallah, buda. Lala."

Nilikasirika, kwa sababu lilikuwa shauri la mtu asiyejua ofisi. Ukimuuliza mtu ambaye hajaamua, unamlazimisha aamue, na mtu aliyelazimishwa huamua vibaya. Hilo nililiona wazi kabisa. Wiki ile yote nililiona wazi.

Shauri la Bi Mkubwa lilinifaa zaidi. "Kijembe hujibiwa kwa kijembe," alisema akigonga mihuri. "Kakuimbia nenda? Na wewe mwimbie siendi. Tena mtazame."

Hivyo nikarudi kwa mhasibu na ombi la pili: anitafutie wimbo wa zamani, wa aina ile anayoipenda bosi, ambao ndani yake mtu anabaki. Alhamisi hiyo tulipofika hotelini, nikiwa bado na tari yangu, alikipakata kile kitabu cha nyimbo, kinene kuliko Biblia ya mimbari, akapekua. Alipekua muda mrefu. Alisoma kichwa cha wimbo, akavuta hewa kwenye meno, akageuza ukurasa.

"Huyu anaondoka," alisema. "Huyu pia. Huyu ameshaondoka. Huyu anaondoka na treni."

"Hakuna anayebaki?"

"Kuna huyu anabaki, lakini anakufa."

"Wajapani wote walikuwa wanaondoka?"

Alifikiri kweli. "Aliyebaki hana cha kuimba," alisema, akageuza ukurasa mwingine.

Kitabu kizima cha watu wanaoagana! Nikamwona bosi, pale mbele, akimalizia mstari wa koti huku macho yake yamenitua usoni, nikapiga tari kwa hasira mpaka mhasibu akanigusa mkono.

Alinipatia mmoja mwishoni, wa mwanamke. Mume amechelewa kurudi, mke amekaa jikoni na supu imepoa, ameipasha, imepoa tena. Taa haijazimwa. Mwisho wa kila ubeti anasema, mimi nipo hapa. Nilipolisikia hilo, sikujali kwamba ni wimbo wa mwanamke wala kwamba unapanda juu mahali ambapo mwanamume anayejiheshimu hafiki. Mimi nipo hapa. Nilitaka nini zaidi?

Mhasibu aliniandikia maneno kwa herufi zetu. Jambo la kushangaza ni kwamba yalikaa mdomoni bila taabu; silabi karibu zote zinaishia na irabu kama zetu, na nikiyasema upesi yalikuwa kama Kiswahili cha mtu anayeota. Niliyaimba bafuni mpaka wenzangu wakagonga mlango. Niliyaimba kwenye abra, mashua ya abiria, nikivuka Creek kwenda kupeleka nyaraka, na mzee mmoja wa Kipakistani akanisogezea chupa yake ya maji. Mkenya wangu aliyasikia mara moja tu.

"Hayo ni maombi ama ni kesi?"

"Ni wimbo."

"Wa nini?"

"Wa kubaki."

"Maneno manne, msomi," alisema, akajifunika shuka.

Alhamisi ikafika. Bosi aliimba wake, wa koti. Mhasibu aliimba. Bi Mkubwa aliipisha zamu yake kwa mkono, kama malkia, akanionyesha kipaza sauti. Nilipotoa tari na kusimama, bosi aliinua nyusi. Muziki ukaanza, na kwenye televisheni akatokea mwanamke mwenye mwavuli, yuleyule, kando ya maji yaleyale, wakati mimi niko jikoni. Niliudhika. Lakini nilimgeukia bosi, nikamkazia macho kama nilivyofundishwa, nikaimba.

Sijui niliimbaje. Najua kwamba kwenye ile sehemu ya juu sauti iligawanyika vipande viwili na sikuacha. Najua kwamba kila nilipofika kwenye nipo hapa nilijigonga kifua. Ubeti wa pili Bi Mkubwa alianza kulia. Hakujua neno hata moja la Kijapani, lakini alilia. Akanyanyuka. Akafungua pochi yake, akatoa noti, akaishika kwa vidole viwili, na badala ya kuja moja kwa moja akazunguka meza kwa upande wa mbali, polepole, mabega yakifuata muziki, akampitia bosi karibu kabisa, akamtupia jicho moja lililoshuka toka juu mpaka chini. Kisha akanijia, akanichomekea noti kwenye mfuko wa shati, akapiga kigelegele.

Mhudumu alifungua mlango kwa nguvu, akidhani mtu ameumia.

Bosi alikuwa ameweka glasi yake ya chai chini. Alinitazama, akamtazama Bi Mkubwa, akaitazama noti mfukoni mwangu. "Okay," alisema. Ilikuwa okay mpya. Sikuwa nimewahi kuisikia, na sikulala usiku ule wala Ijumaa yote kwa kuitafuta maana.

Jumamosi aliniita chumbani kwake. Mhasibu alisimama kando ya meza, mikono imekunjwa mbele, na hapo nilijua ni jambo kubwa, kwa sababu kwa mambo madogo bosi alitumia Kiingereza chake mwenyewe. Aliongea kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumsikia.

"Bosi anaomba radhi," alisema mhasibu. "Anasema hakujua."

"Hakujua nini?"

"Kwamba una mke."

"Sina mke."

Alitafsiri. Bosi akanitikisia kichwa kwa huruma, kama mtu anayeelewa kwa nini mwenzake anaficha.

"Anasema Alhamisi aliona. Ulimwimbia yeye, ukimwomba. Bi Mkubwa akalia. Bi Mkubwa akakupa nauli."

"Haikuwa nauli!"

"Anasema si vizuri kumzuia mtu hapa wakati kwao supu inapoa. Kampuni itakukatia tiketi. Ya wiki ijayo."

Nilishika ukingo wa meza. Mtu huyu, ambaye kumbe maisha yake yote aliimba nyimbo kwa kuwa ni nyimbo, mara ya kwanza anapojaribu kuusoma wimbo anausoma wangu, tena anausoma nyuma mbele! Nilianza kueleza. Nilieleza kuhusu harusi za Unguja, na kijembe, na kumtunza mwimbaji, na jinsi jicho linavyotupwa. Nikaeleza bandari, mvua, na kwamba ule wa mke ulikuwa jibu la ule wa koti. Mhasibu alitafsiri sentensi mbili za kwanza. Kisha akaacha kutafsiri, akanisikiliza tu.

"Niseme yote haya?" aliuliza.

"Hapana."

"Niseme nini?"

AC ilinguruma. Nilitetemeka. Nilifikiri, nikisema wazi na akakataa, basi. Sitakuwa hata na okay ya kupeleka kitandani kuichambua. Nikaiona tiketi. Nikamwona mama mbele ya kanisa.

"Mwambie nataka kubaki."

Kwa Kijapani ilikuwa fupi vilevile. Bosi akageuza kichwa, akauliza kitu.

"Anauliza kwa nini hukusema."

"Hakuniuliza."

"Anasema alifikiri hupapendi hapa. Kila siku unatetemeka. Hata koti lako ulilichukua ukaenda nalo. Alifikiri umeanza kufungasha."

Nilibaki namtazama, na yeye ananitazama, na kwa mara ya kwanza nilimwona mzee aliyechoka ambaye wiki mbili nzima alikuwa akipita nyuma ya kiti changu na kusoma mgongo wa kiti usio na koti.

"Lile la koti kwenye kiti," nilisema, "alimaanisha nini?"

Mhasibu hakuhitaji kutafsiri. "Upepo wa AC unakuja hapo," alisema. "Lilikuwa linapeperuka na kuangusha karatasi za Bi Mkubwa."

"Okay," alisema bosi, akachukua kalamu.

Bi Mkubwa nilimkuta kwenye mihuri yake. Nilimwambia kila kitu, nikitaka aone haya hata kidogo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta jicho kwa ncha ya mtandio. "Si nimekwambia?" alisema. "Wimbo umefanya kazi." Na noti yake aliikataa katakata, tunzo hairudishwi.

Kish nilikaa kwenye hoteli yenye watu wa kila nchi waliokaa sebuleni wakiikodolea macho mashine ya faksi iliyoleta viza. Joto lilikuwa kali na hakuna aliyeimba. Kila ilipolia, wote walisimama. Siku yangu ilipofika niliishika karatasi ile kwa mikono miwili kama bosi na kipaza sauti chake, nikaisoma mara nyingi kutafuta kosa.

Nilirudi Deira siku ya Alhamisi, nikafika hotelini nimechelewa, na mkoba mgongoni. Walikwisha kuanza. Sikutaka kupita mbele ya mwimbaji, nikakaa kwenye kiti cha kando ya mlango. Bosi alikuwa amesimama na suti yake, bandarini, mvuani, na macho yake yamekaza palepale yanapokaza siku zote, kwenye kochi la ukutani, mahali pangu. Mahali pangu palikuwa patupu. Aliliimbia kochi tupu, kwa hisia zilezile, toka ubeti wa kwanza mpaka saksafoni.

Nikafuata macho yake. Juu ya kochi, juu kidogo ya pale kichwa changu kinapokuwa, kulikuwa na saa ya ukutani. Chumba kilikodishwa kwa saa.

Nilimnong'oneza Bi Mkubwa. Aliitazama saa, akaitazama tena.

"Na hapo nani kaitundika?" aliuliza.

Nilitaka kumwambia anyamaze. Lakini bosi alikuwa amenijia, ameninyooshea kipaza sauti, amesema okay, na mhasibu alikwisha kubonyeza namba ya ule wa mke na supu. Nikasimama nikaimba. Bosi alitazama saa, mhasibu alitazama kitabu, Bi Mkubwa alikuwa anatafuta kitu kwenye pochi. Sikumtazama mtu. Niliimba nipo hapa, nipo hapa, sauti ikipasuka palepale, na kati ya mistari nilijikuta nikiuangalia msumari ulioshika saa, na kujiuliza nani aliupigilia pale.